Mkono wa Nne

Katika mtaa wa mafundi hakuna mtu aliyeajiriwa. Pita mchana ujionee: nyundo zinalia, cherehani zinakohoa, vumbi la mbao limetanda hadi kwenye kope za kuku, watu wamejaa kama siafu. Lakini uliza ni nani mwajiriwa hapa, utaambiwa hakuna. Yule mwenye msumeno ni binamu, amekuja kusalimia. Yule anayechomelea geti ni jirani, anajinyoosha mgongo. Na yule aliye juu ya paa na ndoo ya rangi, huyo hatumjui, tumemkuta huko huko juu.

Wasionewe bure, hawakuzaliwa waongo. Sheria ndiyo iliyowalea hivyo. Sheria inasema karakana yenye mikono mitatu ya kazi, ukiwemo wa mwenye karakana, ni kazi ndogo: unalipa kodi ya mkupuo mara moja kwa mwaka, unabandika stakabadhi ukutani, unaachwa upumue. Mkono wa nne ukiingia tu, karakana inageuka kiwanda, hata kama kiwanda chenyewe ni banda la mabati linalovuja. Na kiwanda kina masharti yake. Vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake. Mtungi wa kuzimia moto. Cheti cha afya cha kila mfanyakazi. Ushuru wa bango. Tozo ya mafunzo, mafunzo ambayo hajapata kuonekana mtu aliyeyahudhuria. Na hesabu za kila mwezi, zipelekwe kwenye dirisha ambalo mhudumu wake ametoka kidogo, anarudi sasa hivi.

Kwenye hotuba, Serikali inalilia viwanda kama mtoto anayelilia ziwa. Kisha kila anayekaribia kuwa kiwanda inamzaba kofi. Watu wakaelewa somo: kukua ni kosa. Tangu hapo mtaa mzima ukaamua kukua kwa ubavu, kama kaa anavyotembea. Biashara ikinona haipandi juu, inazaa. Mwoka mikate alipozidiwa na wateja alitoboa ukuta, akamweka mdogo wake upande wa nyuma wa tanuri ile ile. Unga unaingia kwenye biashara moja, mkate unatokea kwenye nyingine. Kinyozi naye akatundika pazia katikati ya saluni. Nywele unanyolewa huku, ndevu unavuka mpaka.

Fundi Makochi alikuwa katikati ya mtaa huo, na kwa mujibu wa stakabadhi yake alikuwa mtu wa mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni yeye mwenyewe, mwenye springi, sponji na maneno matamu kwa wateja. Wa pili ni Seremala, aliyeunda fremu na kulalamikia mbao. Wa tatu ni Misumari, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, ambaye siku nzima alibana misumari midogo kati ya midomo yake na kuitema mmoja mmoja kwenye ncha za vidole. Sauti yake ilikuwa haisikiki mpaka jioni, na hata hapo alikuwa hana la ziada.

Halafu alikuwapo mkewe Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi.

Huyu alikuwa binti wa mshona maturubai. Fundi, enzi za ujana wake, alipeleka turubai likazibwe, akamkuta msichana anakata kitambaa kizito bila kuchora mstari, urefu wa chumba kizima, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Wiki iliyofuata akarudi na tundu jingine. Akarudi tena. Matundu yalipomwishia akaanza kuyatoboa mwenyewe kwa msumari, mpaka mzee akamketisha na kumwambia, "Kijana, turubai lako linatobokea kwa ndani. Sema unachotaka." Akasema, akapewa, na mahari ikapunguzwa kidogo kwa sababu mzee alikwisha kula sana kwenye viraka.

Basi kochi lilikuwa mifupa ya Seremala, nyama ya Fundi na ngozi ya Bi Mkasi, na mtu anaponunua kochi haangalii mifupa. Bi Mkasi ndiye aliyekata, aliyeshona, aliyezungusha kamba kwenye pindo na kuvuta vifungo mpaka vikazama sawasawa kama vitovu vya watoto vilivyokatwa na mkunga mmoja. Wateja walikuja kwa ajili ya mshono, wakamsifu Fundi, naye Fundi akashukuru. Lakini kwa kuwa alikuwa mkono wa nne, kisheria hakuwapo.

Mtaa ulikuwa na mlinzi wake. Juu kabisa, barabara kuu inapoingia, alikaa Fundi Viatu na chuma chake cha kugongea soli. Akimwona mkaguzi wa kodi anashuka garini, aligonga chuma haraka haraka, kama mvua ya ghafla juu ya bati. Hapo mtaa unabadilika. Binamu wanaingia vichochoroni, majirani wanakumbuka kwao, wa kwenye paa analala chali.

Kwa Fundi Makochi hapakuwa na haja ya kukimbia. Nani asiyeruhusiwa kukaa kwenye kochi? Bi Mkasi alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, na kwenye msumari huo huo akatundua mkoba mweusi uliojazwa magazeti ili utune. Akachagua kochi, akakunja nne, akawa mteja.

Na alikuwa mteja hasa. Alilalamikia rangi. Aliuliza kama sponji ni mpya au imetolewa kwenye godoro la marehemu. Kochi moja jekundu alikwisha "kulinunua" mara nyingi kuliko ambavyo wateja wa kweli walikuwa wamelitazama. Siku moja alimbana Fundi kwenye bei ya kochi jingine, akambana, jasho likamtoka mumewe kweli kweli, mpaka mkaguzi wa wakati ule, mtu mnene aliyechoka na dunia, akavutiwa na akanunua yeye kwa bei hiyo ya kutupa. Walipata hasara, wakacheka mpaka wakakaa chini. Siku hizo ulikuwa mzaha wao wawili.

Lakini mzaha ukikaa sana unaota mizizi. Siku nyingine mkaguzi yule yule aliuliza, kwa kupiga soga tu, huyu mama anayependa makochi namna hii ni nani. Fundi akajibu bila kumeza mate kwamba ni mteja tu, hata jina lake halijui. Akalisema vizuri, kama mtu anayepangusa vumbi. Walipobaki peke yao Bi Mkasi hakucheka.

"Ungebakisha hata jina," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Fundi alisikia, akajifanya anatafuta chaki.

Ikaja kazi kubwa. Tajiri mmoja alikuwa amejenga ukumbi wa mikutano na alitaka viti vya kuzunguka kuta zote, kazi ya kumlisha fundi msimu mzima. Sharti lake lilikuwa moja: alete hati kwamba hana tatizo na watu wa kodi. Fundi akaenda kuomba hati, akaambiwa mkaguzi atakuja kuhesabu mikono. Hakujali. Mkoba ulikuwa kwenye msumari wake, na chuma cha Fundi Viatu kilikuwa mahali pake.

Alichokuwa hakijui ni kwamba yule mnene amestaafu. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa kutembea kwa miguu. Naye hakuingilia juu. Aliingilia chini, kwenye mitaro, upande ambao tangu mtaa uwe mtaa Serikali ilikuwa haijapata kuukanyaga. Fundi Viatu alikuwa ametazama kule kwingine kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo mkaguzi aliingia karakana na kukuta watu wanafanya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Bi Mkasi alikuwa sakafuni nyuma ya kochi, aproni mwilini, kilemba kimekaa upande, chaki mashavuni, nyuzi kichwani, vipande vya kitambaa vimemzunguka kama manyoya ya ndege aliyenyonyolewa. Mkononi ana sindano ya kupinda, uzi kati ya meno. Mkoba uko mbali, kwenye msumari, umetuna bure.

Kijana aliwasalimu wote kwa heshima. Macho yake yakaanza kuhesabu. Seremala. Misumari. Fundi. Yakafika sakafuni, yakasimama.

"Na mama huyu?"

Fundi aliona ukumbi wa mikutano unaondoka, kiti baada ya kiti. Aliona vyoo viwili. Mteja hakai chini na sindano. Binamu hawezi kuwa, aproni ina jina la karakana. Ulimi wake ukachupa kabla hajaushika.

"Huyu si wetu, mheshimiwa," alisema. "Huyu mama hana kwao. Akili zake ziliruka kidogo. Tunamwachia vitambaa ashoneshone, anatulia."

Seremala alikohoa. Msumari mmoja ulidondoka kinywani mwa Misumari, ukalia sakafuni, hakuuokota.

Bi Mkasi aliinua uso. Alimtazama mumewe kwa muda, jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukata, akitafuta mahali pa kuanzia. Kisha mama huyo akautabasamia ukuta, akauma uzi, na taratibu, kwa mshono mzuri ule ule, akaanza kushona hewa.

Kijana akachuchumaa. Hajapata kuonekana afisa aliyechuchumaa katika mtaa ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akamuuliza kama amekula. Bi Mkasi akatikisa kichwa. Mkaguzi akafungua begi lake, akatoa mkate wake wa mchana uliofungwa kwenye karatasi, akamwekea mikononi kwa mikono yake miwili. Naye akaupokea kwa miwili. Akala. Alikula kipande baada ya kipande, bila haraka, macho kwa mumewe, makombo yanamwangukia kifuani na hayapangusi. Fundi aliwahi kung'olewa jino bila dawa. Aliwahi kuangukiwa na kabati. Hakuwahi kupata maumivu yanayotafuna polepole namna ile.

Mlangoni kijana akampa mkono. Akamwambia wengine wangemfukuza yule mama kwa fimbo, kwamba mtu mwenye huruma kama yeye ni adimu, na kwamba taarifa yake itasema mikono mitatu. Akaenda zake kwa miguu, na njaa yake.

Fundi akabaki amesimama na sifa hizo kama mtu aliyebebeshwa maiti asiyoijua.

Nyumbani jioni alianza kueleza. Akasema, "Mama Watoto, ulimi uliteleza." Mkewe akasimama mlangoni na kuuliza kwa adabu kubwa akae wapi. Akatandika mkeka pembeni, akala huko, akamshukuru mwenye nyumba kwa chakula ambacho alikipika mwenyewe. Binti yao, aliyekuwa darasa la juu na hapendi mambo ya kuzunguka, akamuuliza baba yake kama ni kweli mama hana kwao, maana kama ni hivyo kesho nani ataosha vyombo. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe aliyeuliza.

Kazini Bi Mkasi alikuja kama kawaida. Alikata, alishona, alivuta vifungo. Ila mume wake sasa alikuwa "baba mwenye banda", na akihitaji kitambaa alikiomba kwa kunyoosha kiganja. Seremala aliacha kulalamikia mbao, ikawa kimya cha msibani. Mtaani ndiko kelele zilikokuwa. Kinyozi alimsimamisha Fundi mbele ya wateja wa nywele na wateja wa ndevu, akamuuliza kama ni kweli amefungua wodi, na anapokea wagonjwa siku gani.

Fundi alijitetea moyoni kutwa kucha. Aliongopa kwa ajili ya nani? Ada za shule nani atalipa? Kodi ile ya kiwanda si ingemla huyo huyo mkewe pamoja na aproni yake? Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia, maana aibu haina masikio, ina macho tu. Alipoinama kupima sponji aliona makombo ya mkate. Yalikwisha fagiwa siku nyingi, lakini aliyaona.

Mwongo njia yake fupi, walisema wazee. Hii ya Fundi ilikuwa fupi na imechongwa na wema wa mtu mwingine. Kwa sababu kijana yule hakuishia kwenye mkate. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, akazungumza, akafuatilia, akarudi tena, na asubuhi moja, hata hati ya Fundi haijatoka, gari la Serikali likasimama mbele ya karakana. Fundi Viatu aligonga chuma mpaka mkono ukamuuma, lakini gari halikuja kwa ajili ya kodi.

Alishuka mama wa ustawi, mtu wa kifua na miwani, na blanketi jipya mkononi. Nyuma yake mkaguzi, uso umemng'aa. Mtaa ukakusanyika, mwoka mikate alitokea pande zote mbili za tanuri yake. Mama wa ustawi akaeleza kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba kuna nafasi imepatikana katika makao ya watu wasio na kwao. Kitanda, chakula, daktari. Tena, akasema akimtazama Bi Mkasi kwa upole, huko wanafundishwa kushona.

Kinyozi aligeuka akauma kola ya shati lake.

Fundi akabaki katikati. Akisema ni mkewe na fundi wake, amekiri uongo kwa Serikali, mkono wa nne umejitokeza, kiwanda kimezaliwa, ukumbi umekwenda. Akinyamaza, mkewe anapanda gari. Akamtupia macho, akimwomba amwokoe kwa igizo lolote, alikuwa nayo mengi: awe mteja, awe shangazi, awe chochote. Bi Mkasi akavua aproni. Akaenda kwenye msumari, akatundua mkoba, akamwaga magazeti, akatia mkasi wake ndani. Akajitupia blanketi begani.

"Twende," alisema.

Mama wa ustawi alikuwa mtu wa taratibu. Akamuuliza kama hapa pana mtu yeyote anayemfahamu, ndugu au jamaa.

Bi Mkasi akawapitia kwa macho. Seremala. Misumari. Fundi.

"Hapana," alijibu. "Hata majina yao siyajui."

Akatoka. Watu wakampisha njia. Alikwisha kushika mlango wa gari Misumari alipotema misumari yote kwenye kiganja, asubuhi ile, saa ya kazi.

"Fundi," alisema. "Sema."

Fundi akasema, lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya godoro. Mama wa ustawi akamwambia arudie.

"Ni mke wangu," alisema Fundi. "Ana akili kuliko sisi wote tuliosimama hapa. Makochi yote anashona yeye, tangu mwanzo. Niliyesema uongo ni mimi."

Uso wa mkaguzi ukazimika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alitazama sakafu pale nyuma ya kochi, mahali alipochuchumaa.

"Nilimpa chakula changu," alisema taratibu. "Na wewe umesimama."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya mtaa ule imeshindiliwa na mikokoteni, haipasuki kirahisi. Akaeleza yote, akivikodolea macho viatu vya kijana vyenye vumbi: mikono mitatu, mkono wa nne, mkoba, mnene aliyestaafu, ukumbi. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, kwa mshangao wa kweli.

"Lakini mke hahesabiwi. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Mkaguzi akafafanua kwamba mume na mke wakifanya kazi chini ya paa moja, sheria inawachukua kuwa mkono mmoja, ule wa mume. Siku ile angesema tu huyu ni mke wangu, angeandikiwa mitatu ile ile, na hati yake ingekuwa njiani vile vile.

Katika miaka yote ya kugonga chuma hakuna aliyewahi kwenda kuuliza sheria inasemaje hasa, maana kuuliza ni kujichongea. Nani humuuliza simba saa zake za kula? Waliifahamu kwa kuambizana, kila mmoja akiongeza hofu yake kidogo kabla ya kuipitisha kwa jirani. Kinyozi alianza kucheka, akakatisha. Nyuma ya pazia lake, upande wa ndevu, aliyekuwa amesimama na wembe ni mke wake wa ndoa.

Na Fundi, masikini, akafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Alitabasamu. Mzigo ulimtoka mabegani akasahau waliokuwa wakimtazama.

"Basi hakuna tatizo," alisema. "Mama Watoto, rudi ndani. Huhesabiwi."

Bi Mkasi aliachia mlango wa gari. Akakunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia mama wa ustawi na kumshukuru. Kisha akaenda kusimama mbele ya mkaguzi, mgongo kwa mumewe.

"Mwanangu, nimekula mkate wako, siwezi kukudanganya tena. Huyu bwana alisema hanijui. Nikadhani ni yeye tu. Kumbe na sheria nayo haijapata kuniona." Akanyoosha kidole ndani ya karakana, kwenye kochi alilokuwa akilimalizia. "Lile limeshonwa na nani? Niandike. Mkono wa nne."

Mkaguzi akamwonya kwa huruma kwamba akifanya hivyo hapa panakuwa kiwanda. Akamtajia tozo, akamtajia cheti cha afya, akamtajia vyoo viwili.

"Cha wanawake nitakitumia mimi," alisema Bi Mkasi.

Kijana alisema hawezi kumwandika kwa neno lake peke yake. Mke huhesabiwa pale tu mwenye karakana anapomtaja kuwa mfanyakazi wake. Akamgeukia Fundi. Mtaa mzima ukamgeukia Fundi. Kutoka kwenye umati mtu mmoja alinong'ona kwa nguvu kwamba asithubutu, atajichinja. Alikuwa mwoka mikate, na alijua anachosema.

Fundi aliangalia mgongo wa mkewe. Aproni ilikuwa imeacha alama ya kamba kiunoni, mstari uliokaa hapo miaka yote, na yeye hakuwahi kuuona.

"Mwandike," alisema.

"Jina lake?"

Hapo akakumbuka ni lini aliulizwa mara ya mwisho. Kisha akalitaja: lake, la baba yake mshona maturubai na la babu yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Fundi Viatu. Mkaguzi akaandika. Bi Mkasi akarudi ndani, akavaa aproni.

Sasa, msidhani kwamba wema ulilipwa. Karakana ilipobadilishwa daraja, maombi ya hati yakaanza upya, na ukumbi wa mikutano haukumngoja. Viti vilichukuliwa na fundi wa mtaa wa pili, mtu safi kabisa kwenye karatasi, mwenye mikono mitatu na binamu wasiohesabika. Fundi akachimba vyoo badala ya kununua mbao. Watu walikuja kuvitazama kama wanaokwenda kuona maharusi, na kinyozi akaomba ruhusa ya kukata utepe. Kwenye kupima afya Seremala alikutwa na minyoo, akawa mtu wa kwanza wa mtaa ule kunufaika na kiwanda. Bei za makochi zilipanda, wateja wengine wakaenda kwa binamu. Kila mwezi Fundi alisimama mbele ya lile dirisha na hesabu zake mkononi, akimsubiri mhudumu aliyetoka kidogo.

Mkewe alimsamehe kwa mtindo wa mafundi, yaani alirudi kumwomba kitambaa kwa mdomo. Mkeka wa pembeni ulikunjwa. "Baba Watoto" ilirudi, ingawa ilichelewa, na ilipokuja mara ya kwanza Fundi alijishughulisha na sponji ili asionekane usoni.

Ilipita miezi. Siku moja Fundi Viatu aligonga chuma, haraka haraka, kama mvua juu ya bati. Mtaa ukafanya yake: vichochoro vikajaa, paa likapata mtu wa kulala. Na Fundi Makochi, mtu wa kiwanda, mwenye vyoo viwili na mtungi wa moto ukutani, akainuka mbio kabla akili haijamfikia, akatundua mkoba mweusi, akamnyooshea mkewe.

Bi Mkasi alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu. Aliutazama mkoba, akamtazama aliyeushika, akarudisha macho kwenye mshono wake.

Kijana mwembamba akaingia, akamsalimu yeye kwanza, kwa jina. Kisha akaanza kuhesabu mikono, akianzia kwa Bi Mkasi: wa kwanza yeye, wa pili Seremala, wa tatu Misumari. Fundi alikuwa wa mwisho, amesimama kando ya kochi jekundu, mkoba ungali mkononi, kama mteja.